Pauni 300 za mkurugenzi si posho

Wiki iliyopita mteja alinipigia simu akiwa amekasirika. "Ndugu yangu, nimekulipa ada, halafu zawadi zangu mwenyewe umenikatalia. Mhasibu wa shemeji yangu huwa anazipitisha." Huyu si wa kwanza kuniambia hivyo. Kila mwaka wa kodi unapofungwa, tarehe 5 Aprili, simu za namna hii huanza.

Kanuni tunayoizungumzia ni ya Uingereza na imo kwenye sheria tangu Aprili 2016. Kampuni inaweza kumpa mtu zawadi isiyozidi pauni 50, na haikatwi kodi wala mchango wa Bima ya Taifa. Ila ukiwa mkurugenzi wa kampuni inayomilikiwa na watu wachache, na kampuni za wateja wetu karibu zote ni hizo, jumla yako kwa mwaka haivuki pauni 300. Kumbe watu husikia hiyo 300 tu.

Basi tarehe 3 Aprili mtu anachota pauni 300 benki na kuandika "zawadi". Fedha taslimu haimo kabisa kwenye msamaha huu. Tunaipeleka kwenye akaunti yake ya mkopo wa mkurugenzi na anatakiwa airudishe. Hapo ndipo naambiwa mimi ni mkali.

Mwingine alijiona mjanja zaidi. Alinunua kadi ya zawadi ya pauni 50, akaiongeza pauni 50 mara tano, kadi ileile. HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, huihesabu kuwa zawadi moja ya pauni 300. Imevuka 50, kwa hiyo yote inatozwa, na fomu ya P11D, ya kuripoti marupurupu, lazima ijazwe. Angenunua kadi sita tofauti, kila moja kwa tukio lake, tusingekuwa na la kuzungumza. Bili yetu ya kurekebisha ilikula sehemu kubwa ya alichodhani ameokoa, naye akaniuliza kwa nini tunatoza kwa saa. Ni kwa sababu risiti tunazisoma moja moja.

Tena tunazisoma mpaka senti. Kuna kikapu cha chokoleti kilichoandikwa pauni 42 dukani kwa muuzaji wa jumla. Weka VAT ya asilimia 20, kinafika 50.40. Zile senti 40 zinakiharibu kikapu kizima, maana kodi inatozwa kwenye 50.40 yote.

Mke asiyefanya kazi kwenye kampuni anahesabiwa ndani ya 300 yako. Akiwa mkurugenzi au mwajiriwa, ana 300 yake. Simu ya mkononi ya kampuni ni jambo jepesi: moja tu, na mkataba uwe kwa jina la kampuni. Ukisaini kwa jina lako kisha kampuni ikalipa, hiyo ni bili yako iliyolipiwa.

Tunachowaomba ni risiti ya siku yenyewe, na nyuma yake maneno machache: imetolewa kwa nani na kwa sababu gani. Sababu isiwe kazi, kwa kuwa zawadi ya kumlipa mtu fadhila ya kazi yake hutozwa kodi. Yule aliyenipigia simu alikuwa na risiti safi kabisa, pauni 48, ya tarehe sahihi. Nyuma aliandika kwa mkono wake: "Nimejipongeza kwa kumaliza ule mradi mkubwa."