Taarifa ya mwaka 2025 ya mwenyekiti kwa mafundi friji wa umoja wetu

Ndugu wanachama,

Assalam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za kazi.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Kamati ilikaa vikao tisa, mikutano ya wanachama ilikuwa minne, tulizika wenzetu watatu, tulipokea mafundi wapya sita, na bango letu la Gerezani limepakwa rangi upya. Mafunzo ya viyoyozi vya inverta yalifanyika Juni kwa siku mbili. Walijiandikisha 40, wakafika 17.

Kwenye daftari tuko 112. Kwa ada ya Sh 5,000 kwa mwezi tulipaswa kukusanya Sh 6,720,000. Tumepata Sh 2,915,000. Ambao hawajalipa hata mwezi mmoja ni 38. Mkutano wa Agosti walifika 23, na tisa kati yao waliondoka kabla ya ajenda ya pili. Nasema wazi kwamba inaniuma. Nafunga karakana yangu saa sita mchana, naacha wateja, nafika ukumbini nakuta viti. Halafu mtu ambaye hajalipa tangu Januari ndiye wa kwanza kuuliza kwenye kundi la WhatsApp pesa zimekwenda wapi.

Sasa niseme zimekwenda wapi.

Mwezi wa tatu mwenzetu mmoja aliletewa friji dogo la milango miwili. Kibandiko cha kompresa, kinachotaja aina ya gesi, kilikuwa kimechakaa na hakukisoma. Alikata bomba, akawasha moto wa kuchomelea kabla gesi haijaisha kutoka. Ilikuwa R600a, gesi inayowaka na isiyo na harufu. Moto ulimpanda mkono wa kulia hadi kiwikoni. Mimi ndiye niliyempakia kwenye bajaji kwenda hospitali, na niliondoka pale saa nne usiku.

Siku mbili baadaye kamati ilikaa, wajumbe saba, tukaamua mambo matatu: mwanachama asijaze R134a, gesi nyingine ya friji, kwenye friji la R600a, asiachie R22, gesi ya viyoyozi, wala R134a hewani, na umoja ununue vifaa. Tulinunua mashine ya kukusanya gesi pamoja na mtungi wake kwa Sh 2,150,000, pampu mbili za vakyumu, za kunyonya hewa na unyevu kwenye mfumo, Sh 760,000, mizani tatu za gramu Sh 285,000 na kifaa cha kubana viungio bila moto Sh 240,000. Jumla Sh 3,435,000. Kati ya hizo, Sh 2,400,000 tulizitoa kwenye mfuko wa kusaidiana. Mimi mwenyewe nilikwenda Kariakoo mara nne kubishana bei, kwa nauli yangu.

Yamesemwa mengi. Kwamba tumekula pesa za misiba. Mfuko ulikuwa na Sh 4,100,000, tukabakiza Sh 1,700,000. Misiba yote mitatu ilitokea baada ya hapo na kila familia ilipata Sh 300,000 yake siku ya mazishi, hakuna aliyepungukiwa. Vifaa vinakodishwa kwa wanachama Sh 5,000 kwa siku, na Sh 410,000 zimesharudi. Kwa hiyo leo mfuko una Sh 1,210,000. Kwamba hatukuitisha mkutano mkuu. Tuliitisha. Akidi ni 57, mlifika 19.

Lawama iliyoninyima usingizi ni ya tatu, kwa sababu inatoka kwa mafundi wazee ninaowaheshimu. Wanasema mafriji ya R12, gesi ya zamani, yalikaa miaka thelathini, wakubwa wakaleta mambo ya ozoni, tabaka la angani linalotukinga na miale ya jua, viwanda vikahamia China, na sasa friji halifiki miaka mitano. Iweje mwenyekiti anunue mashine za kuzitumikia sera hizo hizo?

Wazee wangu, R12 ilikuwa inasamehe makosa ya fundi, nakubali. Mkataba wa Montreal wa 1987, wa kulinda ozoni, uliiondoa, nchi tajiri mwaka 1996 na sisi 2010, na R134a iliyoshika nafasi yake inatumia mafuta yanayonyonya unyevu. Fundi aliyeacha mfumo wazi mchana kutwa, kama tulivyozoea, aliua kompresa kisha akailaumu gesi. Nami nilifanya hivyo miaka ile.

Uimara umeondoka kwa mlango mwingine. Mkutano wa Mei nilikata kompresa mbili kwa msumeno mbele ya watu 31. Ya kwanza ni Danfoss ya Flensburg, Ujerumani, ya friji la mtumba: waya wa shaba, bado unang'aa. Ya pili ni ya friji jipya la bei ya chini lililokufa baada ya miezi 19: waya wa alumini, varnishi imeungua nyeusi, harufu ilijaa ukumbi. Friji hilo hilo bomba linalozunguka fremu ya mlango ni la chuma chembamba, limezikwa ndani ya povu. Hewa yetu ya chumvi ikilitoboa, huwezi kulifikia mpaka ubomoe friji. Hakuna mkataba wa mazingira ulioagiza waya uwe wa alumini. Huo uliagizwa na mtu aliyefika kiwandani akasema, nipe la bei hii.

Wala Mchina hashindwi kutengeneza friji imara. Mwaka 1985 pale Qingdao, Zhang Ruimin wa kiwanda kilichokuja kuitwa Haier aliamuru mafriji 76 yenye kasoro yavunjwe kwa nyundo na wafanyakazi wenyewe. Mwaka 2016 Haier ilinunua biashara ya vyombo vya nyumbani ya General Electric ya Marekani. Kiwanda hutoa kile mwagizaji anacholipia, kiwe Ujerumani au China.

Na sera za mazingira zinaweza kumbeba fundi. Ulaya, tangu Machi 2021, kanuni za mazingira zinamlazimu mtengenezaji wa friji kuuza thermostati na bodi kwa mafundi kwa miaka 7 baada ya toleo la mwisho kuuzwa, na mpira wa mlango miaka 10. Hilo ndilo la kulidai hapa, badala ya kulilia R12.

Kuhusu katazo la kwanza: kompresa ya R600a ina silinda kubwa, karibu mara mbili ya ile ya R134a yenye nguvu sawa. Ukiitia R134a, mota inabeba mzigo usio wake na mafuta yake hayachanganyiki na gesi hiyo. Baada ya miezi miwili mteja anarudi, tunamwambia ni mali ya Kichina. Kumbe tumeliua sisi.

R22 mmeona ilivyopanda bei. Mwaka huu nchi zinazoendelea zimetakiwa kupunguza matumizi ya kundi lake la gesi, nalo linaharibu ozoni, kwa asilimia 67.5, na mwaka 2030 itakuwa 97.5. Aliyekusanya gesi ya mteja akaisafisha atakuwa na cha kujazia. Mashine yetu ya kukusanya gesi lakini isitumike kwa R600a, haikutengenezwa kwa gesi inayowaka.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuzungumza na chuo cha ufundi kuhusu vyeti, kuwaona waagizaji kuhusu vipuri, na pengine kupata eneo letu wenyewe.

Ufunguo wa kabati la vifaa uko kwa mtunza hazina, na anayedaiwa zaidi ya miezi mitatu hatapewa pampu wala mizani mpaka apunguze deni. Mwenzetu aliyeungua amerudi kazini. Vidole viwili bado havikunjiki.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti