Barua ya wazi kwa Afisa Madini Mkazi, Dar es Salaam: udongo wa juu usiuzwe

Ndugu Afisa Madini Mkazi,

YAH: KURUDISHA MASHAMBA NA MALISHO YALIYOCHIMBWA KIFUSI NA MCHANGA

Salaam. Nakuandikia kutoka Mabwepande, ambako nina ng'ombe wawili wa maziwa na kipande cha shamba kilichokuwa kikinipa muhogo kila mwaka. Miaka mitatu iliyopita nilikubali kijiko, ile mashine ya kuchimba, kiingie. Mwenye tipa tuliandikiana karatasi moja: achukue kifusi, akimaliza asawazishe. Alisawazisha kweli. Ukisimama barabarani unaona uwanja mzuri, bapa. Ila ukipiga jembe linadunda, na mahindi niliyopanda masika yaliyofuata yalitoka ya njano, yakafika magotini, yakagoma.

Siku ya kwanza ya kazi sikuelewa nilichokuwa nakiona. Kijiko kilianza kwa kukwangua udongo mweusi wa juu, ambao kina chake hakizidi dhiraa moja, ukapakiwa peke yake. Nikadhani wanausogeza tu. Baadaye ndipo nikajua kuwa udongo ule una soko lake: wauza miche na maua wanaununua kwa ajili ya viriba na bustani. Mimi niliuza kifusi, shamba likaenda bure.

Pembeni, karibu na mpaka wa jirani, dereva alisukuma rundo la udongo huohuo akalisahau. Hakuna aliyepanda kitu juu yake. Leo lina maboga, mchicha pori na kunde zilizojiotea, hatua tano tu kutoka kwenye uwanja ambao hata magugu yanaukwepa. Jua ni lilelile na mvua ni ileile.

Ndiyo maana naandika. Huku kwetu mtu akisema ardhi imerudishwa, ana maana shimo limefukiwa. Uhai wa shamba umo katika tabaka lile jembamba lenye mboji, mizizi na wadudu. Likiondoka, kinachobaki chini ni udongo mfu, tena umeshindiliwa na magurudumu ya malori mpaka maji ya mvua hayazami, yanatiririka na kuchimba makorongo hadi kwa jirani.

Marekani waliliona hili baada ya makaa ya mawe kuharibu mashamba yao. Sheria yao ya mwaka 1977 inamtaka mchimbaji atoe udongo wa juu kwanza, autenge, kisha aurudishe mahali pake. Anaweka dhamana ya fedha kabla hajaanza, na baada ya kupanda anawajibika kwa miaka mitano. Sehemu zenye mvua haba ni kumi. Kusawazisha peke yake hakumrudishii fedha zote. Lazima mimea isimame.

Na pale ambapo udongo umekwisha kabisa, kazi ni ndefu mno. Bamburi, Mombasa, machimbo ya mawe ya saruji yalianza kupandwa miti mwaka 1971. Miche mingi ilikufa juu ya mwamba ule wa matumbawe, mivinje ikashika. Majani yake hayakuwa yakioza, mpaka walipoletwa jongoo wayale na kuyageuza mboji. Leo pale pana msitu na wanyama, jambo ninalolipenda sana, lakini mkulima mwenye ekari moja hawezi kusubiri jongoo wamtengenezee udongo.

Sipingi uchimbaji. Nyumba yangu mwenyewe imejengwa kwa mchanga na kokoto zilizotoka kwenye shamba la mtu. Ninachoomba ni kwamba leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo hudumu miaka saba, isitolewe kwa kifusi au mchanga wa eneo la shamba au malisho mpaka mwombaji aonyeshe udongo wa juu utakaa wapi. Uwekwe marundo mafupi, upandwe majani usichukuliwe na mvua, na iwe marufuku kuuuza. Sehemu ya malipo ya kila tripu izuiliwe kama dhamana, na mwenye shamba awe na sauti katika kuiachia, baada ya masika mawili kupita na mimea kusimama. Mchimbaji mdogo tayari anatakiwa kuwa na mpango wa hifadhi ya mazingira. Basi udongo huu uandikwe humo kwa kina chake na kwa picha.

Kwa sisi tulioharibikiwa tayari, tupeni mtaalamu na trekta la kutifua ile ardhi iliyoshindiliwa. Mengine tutafanya. Samadi tunayo, wafugaji wa huku tunaitupa. Tutaanza na marejea, mmea wa jamii ya kunde unaorutubisha udongo, na mabingobingo, maana mizizi yake inaifungua ardhi. Ng'ombe watakatiwa mabingobingo humo miaka miwili mitatu kabla hatujathubutu kurudisha muhogo. Nakuomba shamba moja tu la majaribio, liwe langu au la mwingine yeyote.

Rundo langu bado lipo. Mwezi uliopita amekuja kijana na Kirikuu akitaka kulinunua, nikamkatalia. Ukimtuma ofisa wako kabla ya masika ya Machi atalikuta, nami nitamwonyesha yote mawili, rundo na uwanja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima na mfugaji, Mabwepande