Kikao cha Jumamosi, muda umebadilika

Habari zenu wapendwa, kikao cha Jumamosi sasa ni saa 4 asubuhi sio saa 8, chumba kilekile, maana wenzetu wengi wenye afasia (shida ya kuongea na kuelewa maneno ubongo ukiumia) mchana wanakuwa wamechoka na maneno yanazidi kugoma.

1. Tufike saa 3 na nusu tupange viti duara, simu zizimwe, kelele zinawavuruga sana.
2. Kalamu, karatasi na picha za kuonyesha pale maneno yanapogoma, kila mtu aje nazo.
3. Jamani tusimmalizie mtu sentensi yake! Wengi ni kiharusi kimegusa lugha, akili iko palepale, uliza swali la ndiyo au hapana halafu subiri hata ukimya ukiwa mrefu.

Naomba kila mmoja aandike NIPO au SIPO kabla ya Alhamisi jioni. Asanteni sana.