Bosi kukupa maksi mbovu sio lazima iwe kashfa

Mhariri naomba nafasi kidogo, maana nasikia watu wengi wakishapewa tathmini mbovu ya kazi kitu cha kwanza ni "nitamshtaki, kanichafulia jina", jamani tuelewane kwanza. Bosi akiandika huna moyo wa kazi au hujitumi, hayo ni maoni yake, hata kama ni ya uonevu mtupu, na maoni kuyapeleka mahakamani kama kashfa ni ngumu sana. Ila akiandika umeiba hela ya ofisi au umeghushi risiti na sio kweli, hapo kuna la kuzungumza kwasababu ni jambo linaloweza kuthibitishwa, ni uongo na linakushusha mbele ya watu.

Halafu lazima mtu mwingine awe ameisoma. Mkiwa wawili tu wewe na yeye chumbani, hiyo hata kama imekuuma vipi sio kashfa. Na hata ikienda kwa afisa utumishi, nchi nyingi sheria inampa bosi kinga kwa vile ndio kazi yake kutathmini, mpaka uonyeshe alikuwa na nia mbaya, yaani alijua ni uongo akaandika tu au akaisambaza kwa wasiohusika (wale wa kutupia kwenye grupu la WhatsApp la ofisi mnajijua!).

Mimi naona bora ujibu kwa maandishi, udai majibu yako yawekwe kwenye faili na ukate rufaa hapohapo kazini, ikishindikana ndio wakili, na usichelewe maana kesi hizi mara nyingi muda wake wa kufungua ni mfupi.

Msomaji wenu