Kutazama kulia na kushoto hakutoshi

Mhariri,

Bodaboda akigongwa kwenye makutano, dereva wa gari hujitetea: "Nilitazama, sikumwona." Watu humwita mwongo papo hapo. Mara nyingi anasema kweli, na kwa sababu hiyo faini peke yake haitatuponya.

Jicho huweza kuelekea kwenye kitu na akili isikipokee. Mwaka 1999, Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris waliwapa watu video ya timu mbili zikipasiana mpira, wahesabu pasi za timu moja. Katikati akapita mtu aliyevaa vazi la gorila. Karibu nusu hawakumwona. Mwaka 2013 madaktari 24 wa radiolojia walipewa picha za mapafu watafute vinundu. 20 kati yao hawakuona gorila aliyepachikwa humo, ingawa alikizidi kinundu cha kawaida mara 48 kwa ukubwa. Kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha kwamba wengi wao walimtazama hasa.

Sasa mfikirie dereva anayeingia barabara kuu. Anatafuta magari, na pikipiki haimo katika anachokitafuta. Hata kizibao cha kung'aa, ambacho tunakiunga mkono kabisa, hakimlindi mpanda pikipiki ikiwa akili ya dereva inasaka kitu kingine.

Wengi wanaamini kwamba simu ya kuunganisha na spika za gari ni salama. Si salama. Mikono imeachiwa, lakini mazungumzo bado yamekula umakini uleule unaohitajika barabarani. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari hukata karibu mita 14 kila sekunde ambayo umakini huo haupo.

Mwanafunzi wa udereva afundishwe hivi: kwenye makutano asimame kabisa, atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena, na kila upande ajiulize kwa makusudi, "Pikipiki iko wapi?" Asogeze kichwa mbele na nyuma, maana nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele hufunika pikipiki nzima pamoja na abiria wake. Mazungumzo yakatike mpaka avuke. Simu ipokewe gari likiwa limeegeshwa.

Tunaomba pia mtihani wa leseni ubadilike kidogo: mtahiniwa ataje kwa sauti anachokiona katika kila makutano. Mtahini anayetazama shingo ikigeuka tu hana namna ya kujua kama kuna kilichoonekana.

Wakufunzi wa udereva,
Morogoro