Barua kwa mwanangu: usimlaumu yule kijana wa makumbusho ya reli

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Umeandika kwa hasira, na hasira yenyewe nimeipenda, maana inaonyesha siku ile hukuwa unanisindikiza tu. Unasema yule kijana hana shukrani: babake amejinyima kila kitu ili vichwa vya garimoshi visiende kukatwakatwa, mamake anakaa mlangoni akikata tiketi, naye anasimama mbele ya wageni na kutamka waziwazi kwamba wazee wakichoka hatayaendesha makumbusho yale. Unauliza mtu anaachiwaje hazina kama ile akaikataa.

Nakujibu kwa barua kwa kuwa mambo yenyewe ni marefu, na kwa kuwa katika hili sikuungi mkono.

Kuhusu thamani ya mahali pale hatubishani. Wewe, kama wageni karibu wote, ulikimbilia kile kichwa kikubwa cheusi ukapanda kwa dereva. Mimi nilinaswa na yale makasha mawili ya tokeni, yaani visahani vya kumruhusu dereva apite, moja mwanzo wa banda na jingine mwisho wake, waya ukipita darini kati yao. Mzee alikuweka wewe kwenye moja, akaniweka mimi kwenye jingine, akatupa vyeo vya stesheni masta. Uligonga kengele, nami nikabonyeza na kushikilia, ukachomoa kile kisahani cha chuma. Halafu akakwambia uchomoe cha pili. Ulivuta mpaka ukakunja uso. Nikajaribu upande wangu, wapi! Hakitoki mpaka cha kwanza kirudishwe, kwako au kwangu.

Kifaa kile kina damu nyuma yake. Mwaka 1874, huko Thorpe karibu na Norwich, Uingereza, treni mbili ziliingizwa kwenye njia moja zikielekeana, kwa sababu watu wa stesheni walipishana katika ujumbe wa telegrafu. Watu 25 walikufa. Edward Tyer, mtu wa mambo ya telegrafu na umeme, akatafuta namna ya kuwatoa binadamu na kumbukumbu zao katika uamuzi ule, na hataza ya mtambo wake ikatoka mwaka 1878. Dereva asiye na kisahani mkononi haondoki, na kwa kila kipande cha njia kisahani kilicho nje ni kimoja tu. Hakuna anayeombwa akumbuke, wala anayeaminiwa kwamba hajasinzia.

Makumbusho makubwa nayo yana vifaa vya namna hii, ndani ya kioo, na maelezo yaliyochapwa vizuri kando yake. Mzee wetu yeye anakuachia ukivute mpaka ukasirike. Kwa ajili hiyo peke yake ningerudi.

Kitu ulichokipita haraka ni ile mashine ndogo ya kugonga tarehe kwenye tiketi ngumu. Thomas Edmondson alikuwa fundi wa samani aliyefilisika, akapata kazi ya stesheni kaskazini mwa Uingereza katika miaka ya 1830. Wakati huo tiketi ziliandikwa kwa mkono, moja moja, na fedha zilizoingia zilijulikana kwa uaminifu wa karani tu. Yeye akachapisha kadi ndogo zenye nambari zinazofuatana. Jioni unatoa nambari ya kwanza katika ya mwisho, unajua umeuza ngapi, na karani mwenye mkono mrefu anajulikana. Kadi za aina hiyo zilisambaa dunia nzima zikatumika mpaka karne ya 20 inaelekea ukingoni. Mamake yule kijana anazigonga bado, na ile ya kwako naona umeifanya alama ya kitabu.

Haya, tuje kwa kijana.

Ulipokuwa juu kwenye kichwa ukivuta kamba ya honi, mimi nilisimama naye nje kando ya bomba la maji. Hakunilalamikia. Nilimwuliza kwa nini kile kichwa hakiwashwi tena, akanieleza taratibu kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Maji yakigeuka mvuke katika hali ya kawaida hutanuka zaidi ya mara 1,600. Ndani ya boila hayana pa kutanukia, na kutokana na kubanwa huko garimoshi hupata nguvu; boila ikipasuka, nguvu hiyohiyo huondoka na kila kilicho karibu. Juu ya sanduku la moto lazima maji yafunike bati lake muda wote. Yakishuka, kuna kizibo (plagi) chenye madini ya risasi ndani yake ambayo huyeyuka, mvuke ukamwagikia motoni na wafanyakazi wakapata onyo. Hicho ni kinga ya mwisho. Kinga ya kwanza ni mkaguzi, ambaye hutaka boila ijazwe maji baridi na kusukumwa kwa shinikizo kubwa kuliko la kazini, kwa sababu maji baridi yakipata ufa hutiririka tu, hayalipuki.

Boila yao muda wake wa ukaguzi umekwisha. Mabomba ya ndani yameliwa na kutu, na kuyabadilisha kunataka mafundi ambao wengi wao ni wazee au wamekufa. Tena wakifunua ganda la nje watakuta asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake ni hatari kwa mapafu, kama ilivyo kwa vichwa vingi vya zamani, na asbesto haiondolewi na mtu mwenye kitambaa puani. Ni kazi ya wenye leseni na malipo yake hayana huruma. Juu ya hayo kuna paa linalovuja, bima inayopanda, na kiwanja ambacho si chao, mkataba wake unakaribia kwisha.

Kisha akaniambia jambo ambalo ningetaka ulisikie kwa masikio yako: "Anayetia saini ndiye atakayejibu mtoto wa mtu akiungua. Baba anaijua boila kwa sauti yake. Mimi siijui."

Hapo mwanangu ndipo ninapokuacha na hasira yako. Mzee alijifunza karakanani tangu ujana, chini ya mafundi waliomkaripia kila siku. Mapenzi yake kwa vyuma vile yalikuja pamoja na ujuzi, na aliyachagua mwenyewe. Mwanawe alipewa brashi ya kukwangua kutu kila likizo. Hakuulizwa. Hata hivyo amekwangua, na ukichunguza utaona mabehewa yaliyopakwa rangi vizuri ni yale aliyoyashika yeye. Kwamba sasa ana kazi yake na watoto wake, na kwamba anakataa kusimamia chombo kinachoweza kuua huku hakijui, mimi sioni utovu wa shukrani. Naona mtu mzima.

Na kusema mbele ya wageni, jambo lililokuchoma zaidi, mimi nadhani ndiyo ihsani kubwa anayowafanyia wazee wake. Angeitikia "ndiyo baba" kila mwaka, kungekuwa na amani nyumbani, na siku ya msiba funguo zingeangukia mkononi mwa mtu asiyejua aanzie wapi. Aliposema mapema, mzee amepata muda wa kutafuta njia nyingine. Kama anautumia muda huo ni suala jingine, na nina wasiwasi nalo.

Kuna reli nyembamba huko Wales iitwayo Talyllyn, iliyofunguliwa mwaka 1865 kubeba mawe ya kuezekea. Mmiliki wake, Sir Henry Haydn Jones, aliahidi treni zitatembea maadamu yu hai, na akatimiza, ingawa haikumpa faida. Alifariki mwaka 1950. Oktoba mwaka uleule watu waliokuwa na kazi nyingine kabisa, akiwemo mhandisi na mwandishi Tom Rolt, wakakutana Birmingham na kuunda chama cha kuihifadhi. Mjane akakubali, na mwaka 1951 wakaanza kuiendesha kwa kujitolea. Ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa hivyo, na mpaka leo treni zake zinatembea. Tazama waliorithi kazi ile: wageni tu, waliojitokeza kwa kuipenda.

Ila usinielewe kwamba wageni hutokea kila mara. Mara nyingine kinachookoa ni bahati tupu. Katika mji wa Barry, Wales hiyohiyo, mfanyabiashara wa chuma chakavu Dai Woodham alinunua vichwa vya mvuke karibu 300 kutoka shirika la reli la Uingereza lilipokuwa likiachana na mvuke. Kwa kuwa kukata mabehewa ya mizigo kulikuwa rahisi zaidi, vichwa vikawekwa kiporo miaka na miaka kwenye upepo wa bahari, mpaka wapenzi wa reli wakaanza kuchangishana na kuvinunua. Vichwa 213 vilitoka salama. Mtu aliyekusudia kuvikata ndiye aliyeviweka!

Nani ajuaye, huenda kwa mzee wetu nako watakuja watu wa namna hiyo. Likitokea, ningependa wafunge mambo kwa wakfu wenye bodi na katiba, ili vitu visiwe tena mali ya ukoo ya kugawanwa. Pasipo na watu hao, makumbusho makubwa yachukue vilivyo adimu. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Makumbusho zinaelekeza kwamba kitu kikitolewa katika mkusanyo, kwanza kipelekwe makumbusho mengine, na fedha zikipatikana zitumike kwa manufaa ya mkusanyo. Makumbusho ya familia hayabanwi na mtu kuzifuata, lakini ni dira nzuri.

Na vingine viachiliwe. Najua hutapenda, na mzee asingependa zaidi, lakini lile gofu la kichwa cha pili nyuma ya banda, lililobaki fremu na magurudumu, lingefaa kutoa vipuri kwa kinachofaa kuokolewa. Mzee analitazama na kuona garimoshi zima. Mimi nimeona kitu kinachokula nafasi, na pengine kinachomla yeye. Kuhifadhi kila kitu ni njia ya pole ya kupoteza kila kitu, kwa sababu paa ni moja na turubai ni chache.

Kinachonikosesha usingizi hasa ni karatasi. Uliona ile rafu ya taa za gadi? Zinafanana zote. Mzee aliokota moja akasema hii ilikuwa ya fulani, ilitumika njia fulani, na bonde hili kwenye mfuniko lilitokana na kuanguka siku ya mafuriko. Akaokota nyingine, hadithi tofauti. Nilimwuliza haya yameandikwa wapi. Akagusa kichwa chake akacheka. Mkewe hakucheka. Siku kichwa kile kitakapofunga, rafu nzima itakuwa taa tu, za kuuzwa kwa kilo.

Baya zaidi, nusu ya vitu vile si vyake. Wastaafu wenzake walimletea filimbi, kofia, saa, vitabu vya safari, wakimwambia "tunzia hapa". Ni mkopo au zawadi? Hakuna hati. Mzee akiondoka, warithi wa wale wengine wanaweza kuja kudai, na warithi wake wanaweza kuuza kisicho chao bila kujua. Ugomvi wa namna hiyo hufunga milango kuliko kutu.

Kwa hiyo hasira yako naiomba kwa kazi. Nimezungumza na mama wa pale, kwa simu, juu ya likizo yako. Anakukaribisha, na yule kijana mwenyewe amesema atakuwa anakuja siku za mapumziko kushika kamera na kuhamisha vitu vizito. Utakaa na mzee, ataokota kitu kimoja kimoja, utakipa nambari, utaandika ni nini, kilitoka wapi, alikileta nani, ni mkopo au zawadi, na kama hakuna anayejua uandike hivyo. Nambari iandikwe kwenye lebo ya kufungwa kwa uzi. Usibandike gundi wala selotepu kwenye kitu chochote, hata mzee akikuruhusu. Anza na vitu vya watu wengine kabla ya vyake, maana wenyewe nao ni wazee.

Utamsikia akitoka nje ya mada, ataanza na taa aishie kwenye mgomo au harusi. Mwache, na uandike hayo pia kwenye ukurasa wa kushoto. Ukichoka umwambie umechoka. Yeye hachoki akizungumza reli. Na ukikutana na yule kijana, usimfungulie ile mada ya shukrani.

Nimekununulia daftari lenye jalada gumu na penseli. Kalamu ya wino uiache nyumbani, kwenye karatasi kuukuu doa la wino halitoki.

Wako,
Mama