Mizani haijafa, ni waya tu

Mhariri, naomba kanafasi maana hili jambo linatumalizia hela huku Mwanza na wanaofaidika wanajijua.

Wenye maghala ya dagaa na sangara wengi wana mizani za kidijitali zenye kile kiplagi cha pini 9 kwa nyuma, ukipima mzigo kilo zinaingia zenyewe kwenye kompyuta. Sasa kompyuta ikifa unanunua laptopu mpya, haina sehemu ya kuchomeka hicho kiplagi, unamwita muuzaji anaangalia juu juu anakwambia bosi mizani imepitwa na wakati, chukua mpya. Mzee mmoja hapa Kirumba alishaanza kutafuta hela kabisa. Nikamwekea adapta ya USB, skrini ikajaa alama za ajabu ajabu, nikashusha spidi ya data kwenye kompyuta toka biti 9600 kwa sekunde hadi 2400 iliyokuwa kwenye menyu ya mizani yenyewe, kilo zikatokea. Mizani mpya ya nini?

Hicho kiplagi kinatumia RS-232, standadi ya mawasiliano iliyotoka Marekani mwaka 1960 ili mashine yoyote iongee na modemu yoyote (kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu) bila kujali nani kaitengeneza. Volti +3 hadi +15 ni sifuri, -3 hadi -15 ni moja, basi. Ila iliwaza kwamba upande mmoja kuna kompyuta na wa pili modemu, kwahiyo ukiunganisha vifaa viwili vyenye plagi iliyopangwa kama ya kompyuta vyote vinatuma kwenye waya mmoja na hakuna anayesikiliza. Unavusha waya wa pini ya 2 uende ya 3, wa 3 uje 2, ya 5 unaiacha hivyo hivyo. Kwa hili watu wanauziwa mashine jamani!

Halafu umbali. Kawaida yake ni kama mita 15, lakini utakuta mizani iko getini, ofisi iko mwisho wa yadi, wamevuta waya mpaka kule, mashine ya barafu ikiwaka namba zinarukaruka wanalaumu kompyuta. Pale inatakiwa standadi nyingine, RS-485, inasoma tofauti kati ya waya mbili zilizosokotwa, kelele za umeme zikiingia zinaingia kote kote na tofauti inabaki ileile, kwa spidi ndogo inafika hata mita 1200.

Vijana wanasema haya mambo ya kizamani, wakati modemu nyingi za laini wanazochomeka kwenye laptopu bado zinapokea amri za AT, yaani maneno mafupi ya kuiamuru modemu, walizoanza nazo kampuni ya modemu ya Hayes 1981. Itumie modemu neno AT uone kama haijibu OK.

Ombi langu kwa viwanda, vyama vya wavuvi na halmashauri, kwenye karatasi ya manunuzi andikeni ni standadi gani, spidi ngapi, na muuzaji akabidhi mchoro wa pini, maana wapo wanaoweka plagi ya kawaida halafu ndani wamepanga pini kivyao ili kila mwaka ununue waya kwao tu. Asiye na mchoro msimsainie.

Fundi kompyuta,
Nyakato, Mwanza